Wi-Fi ya laptopu imegoma: namna ya kujua kama kadi imekufa kweli

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu pamoja na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi tatu za Wi-Fi: moja iliyokuja na mashine, na mbili alizouziwa na mafundi wawili kwa nyakati tofauti. "Fundi, hii laptopu inakula kadi," akaniambia. Nilizipachika zote tatu, moja baada ya nyingine, kwenye mashine yangu ya majaribio. Zote nzima.

Nitarudi kwa mwalimu huyo mbele kidogo. Kwa sasa tosheka na hili: kadi ya Wi-Fi, kile kipande kidogo ndani ya laptopu kinachoshika mtandao, hufa, lakini hufa mara chache kuliko inavyosingiziwa. Inasingiziwa kwa sababu ni rahisi kuibadilisha na rahisi kuiuza. Kwenye meza yangu hakuna kadi inayohukumiwa bila mashahidi wawili. Wa kwanza ni mfumo endeshi mwingine usio ule uliomo kwenye diski. Wa pili ni laptopu nyingine. Hao wawili wakikubaliana kwamba kadi haionekani, basi tunazika. Kabla ya hapo usitoe hela.

Andaa flashi (ya GB 8 inatosha, ya GB 16 ndiyo ya uhakika), simu yenye bando na waya wake wa USB, bisibisi ndogo ya nyota, na kipande cha plastiki kama kadi ya benki iliyokwisha muda. Ukipata laptopu ya pili ya kuazima saa moja, umekamilika.

Hatua ya 1: Ugonjwa wenyewe ni upi?

"Wi-Fi haifanyi kazi" inaweza kuwa magonjwa manne tofauti, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza, alama ya Wi-Fi haipo kabisa pale chini kulia, na kwenye mipangilio hakuna hata sehemu ya kuiwasha. La pili, alama ipo na imewashwa, ila orodha ya mitandao ni tupu au ina mmoja tu unaokuja na kupotea. La tatu, mitandao inaonekana, lakini ukibonyeza kujiunga inakataa. La nne, imejiunga vizuri ila intaneti hakuna, au ipo na inakatikakatika.

Kadi ni mtuhumiwa wa kweli kwenye la kwanza na la pili tu. Kwenye la tatu na la nne mara nyingi kosa liko kwenye ruta, nenosiri, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi), au bando limekwisha na mtu anaona haya kusema. Usicheke, nimeshafungua laptopu nzima kabla ya kuuliza swali hilo.

Hatua ya 2: Ondoa yasiyo ya kadi

Washa hotspoti ya simu, iweke mezani kando ya laptopu. Ikiunganishwa na intaneti ikaja, kadi yako ni nzima na mara nyingi tatizo liko kwenye ruta ya nyumbani. Kashughulike na ruta kwanza; kama Wi-Fi inapotea pale tu unaposogea mbali, ruka mpaka hatua ya 8, kwenye nyaya za antena.

Kama laptopu haioni hotspoti, ngoja kwanza. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha hotspoti kwa masafa ya GHz 5, na kadi nyingi za zamani zinajua GHz 2.4 peke yake. Laptopu ya namna hiyo hata uikalishe juu ya simu haitaiona. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua GHz 2.4 (iPhone wanaita "Maximize Compatibility"), kisha tazama tena. Hapohapo angalia aina ya usalama: ikiwa ni WPA3 peke yake, kadi ya zamani itauona mtandao lakini itashindwa kuingia. Weka WPA2.

Jambo jingine linahusu sana sisi tunaonunua mashine zilizotumika. Kwenye GHz 2.4 dunia kubwa inatumia chaneli 1 mpaka 13, lakini Marekani wanaishia 11. Laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuwa na kadi iliyofungiwa hapo. Sasa ruta yako ikiwa imejichagulia chaneli 12 au 13, majirani wote wanaiona, simu inaiona, laptopu haioni kitu. Mtu anakimbilia kununua kadi. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuiweka chaneli 1, 6 au 11, kazi ya dakika mbili.

Na tazama saa ya kompyuta. Betri ndogo ya BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka 2015, kivinjari kinakataa vyeti vya usalama vya kila tovuti, na mwenye mashine anasema "Wi-Fi imeshika lakini haifungui." Rekebisha tarehe, jaribu tena.

Ukitaka kujua kama laptopu imepewa anwani na ruta, fungua Command Prompt uandike:

ipconfig

Anwani ikianza na 169.254, maana yake laptopu iliomba anwani ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Mara nyingi hapo kadi imeshafanya kazi yake ya redio, na tatizo liko kwenye mazungumzo baina yake na ruta. Zima ruta, hesabu mpaka kumi, iwashe.

Hatua ya 3: Swichi, vitufe na BIOS

Hili ni fupi lakini usiliruke. Laptopu nyingi za zamani, kama Dell Latitude za mfululizo wa E na ThinkPad za miaka ya T410 na T420, zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au kwa mbele. Inasukumwa na mkoba bila mtu kujua. Nyingine zina kitufe kwenye safu ya F chenye picha ya mnara au ndege. Kwenye HP nyingi taa yake huwa ya rangi ya chungwa Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Halafu ingia BIOS (F2, F10 au F1 mashine inapoanza kuwaka, kutegemea kampuni), tafuta sehemu ya Wireless au ya vifaa vilivyojengewa ndani, na hakikisha WLAN, yaani Wi-Fi, ina alama ya kuruhusiwa. BIOS iliyorudishwa kwenye hali ya kiwandani, au iliyochezewa na mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine, inaweza kuificha kadi kabisa. Kuna BIOS zinazotaja hata jina la kadi au anwani yake ya MAC. Ukiiona imeandikwa pale, furahi: mazabodi (bodi kuu ya mashine) inaiona kadi, na uwezekano wa kwamba imekufa umepungua sana.

Hatua ya 4: Mkamue umeme

Hatua hii inaonekana kama uganga, lakini ina sababu. Windows za leo zina kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, mashine haizimiki sawasawa. Inahifadhi hali ya kiini cha Windows kwenye diski na kuirudisha kesho yake. Kadi iliyokwama inaweza kurudi vilevile ilivyokuwa, siku baada ya siku. Na hata mashine ikizimwa, kwenye laptopu nyingi kadi inaendelea kupata umeme kidogo ili iweze kuiamsha kompyuta kupitia mtandao.

Fanya hivi. Andika kwenye Command Prompt:

shutdown /s /t 0

Amri hiyo inazima kwelikweli. Kisha chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30, achia, rudisha betri na chaja, washa. Kama betri iko ndani, kuna BIOS zenye sehemu ya kuikata betri kwa muda, itumie ikiwepo. Isipokuwepo, utaichomoa ukifika hatua ya kufungua mashine.

Nimeona kadi za Intel zenye "Code 10" zikifufuka kwa hili peke yake, tena zile zilizokuwa zimeshaandikiwa cheti cha kifo. Likifanya kazi leo na ugonjwa ukarudi wiki ijayo, zima Fast Startup moja kwa moja kwenye Control Panel, sehemu ya Power Options.

Hatua ya 5: Msikilize Device Manager

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua Network adapters. Hapa ndipo mashine yenyewe inapoongea, na mafundi wengi wanapita haraka mno.

Ukiikuta kadi kwa jina lake, tuseme Intel Wireless-AC 8265 au Realtek RTL8821CE, bila alama yoyote, basi Windows inaiona na draiva imekubali. Ikiwa na mshale mdogo wa kuelekea chini, imezimwa tu. Bonyeza kulia, Enable. Hiyo ndiyo "Code 22".

Ikiwa na alama ya njano, bonyeza mara mbili usome namba. "Code 28" ni draiva haijawekwa. "Code 10" ni kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi ni draiva mbovu au kadi iliyokwama ambayo hatua ya 4 ingeitibu. "Code 43" ni kwamba kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Hapo anza kuishuku kadi, lakini shuku tu.

Kama haimo kwenye Network adapters, tazama Other devices. Ukikuta "Network Controller" yenye alama ya njano, hiyo ndiyo kadi yako ikiomba draiva. Mfungue, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona herufi VEN_ na tarakimu nne. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek, 168C ni Atheros ambayo sasa ni Qualcomm, 14E4 ni Broadcom. Kwa hiyo hata kama hujui laptopu ina kadi gani, hizo tarakimu zitakuambia draiva ya nani utafute.

Haimo popote? Bonyeza View, halafu Show hidden devices. Ikitokea kwa rangi iliyofifia na "Code 45", Windows inaikumbuka kadi hiyo lakini haiioni kwa sasa. Yaani ilikuwepo, imeondoka. Hapo ndipo masikio yangu husimama.

Sasa tazama Bluetooth. Kadi nyingi za laptopu ni mbili ndani ya moja, na hazipiti njia moja: Wi-Fi huongea na mazabodi kwa njia ya PCIe, Bluetooth kwa njia ya USB, ijapokuwa zote ziko kwenye sloti ileile, yaani tundu inamopachikwa kadi. Zikipotea zote mbili kwa pamoja, fikiria kitu cha pamoja: kadi imelegea, haipati umeme, au imekufa. Bluetooth ikiwepo na Wi-Fi ikapotea, kadi inapata umeme na imekaa vizuri kiasi. Anza na BIOS na draiva, ndipo ufikirie upande wa Wi-Fi wa kadi au njia ya PCIe.

Amri mbili za kumalizia hatua hii:

netsh wlan show drivers
netsh wlan show interfaces

Ya kwanza inakuonyesha draiva, tarehe yake, na aina za redio ambazo kadi inazijua. Usipoona 802.11ac, ax wala a, kadi yako haijui GHz 5, na lile suala la hotspoti umelipatia jibu. Ya pili inakupa nguvu ya mawimbi kwa asilimia pale unapokuwa umeunganishwa. Iandike asilimia hiyo pembeni, tutaihitaji. Ukiambiwa kwamba huduma ya wlansvc haifanyi kazi, usiguse kadi: andika services.msc, tafuta WLAN AutoConfig, iwashe na uiweke Automatic.

Hatua ya 6: Draiva

Unahitaji intaneti ili kupata draiva ya intaneti. Tatizo hilo la kuku na yai simu inalimaliza: ichomeke kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu, washa USB tethering. Windows itaiona kama kadi ya mtandao ya waya na utapakua unachotaka.

Chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa kuandika modeli kamili au namba ya huduma iliyo chini ya mashine. Zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mkupuo mmoja mimi siziweki kwenye mashine ya mteja, zinaleta wageni wasioalikwa.

Kabla ya kuweka mpya, ondoa ya zamani: bonyeza kulia kwenye kadi, Uninstall device, tia alama kwenye kisanduku cha kufuta na draiva yenyewe, washa upya. Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, nenda Properties, Driver, Roll Back Driver. Na kama ugonjwa ni wa kukatikakatika, tazama Power Management, ondoa alama inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Baada ya hapo ipe siku nzima ya kazi kabla ya kusema umepona au hujapona.

Hatua ya 7: Shahidi wa kwanza

Tengeneza flashi ya Ubuntu. Pakua faili lake kwenye kompyuta yoyote, liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, iwashe laptopu kupitia flashi na uchague kuijaribu bila kuiweka. Hakuna kitakachoguswa kwenye diski ya mteja. Faida yake ni kwamba Ubuntu haijui lolote kuhusu makosa yaliyomo ndani ya Windows yako. Draiva ni zake, huduma ni zake, kumbukumbu ni mpya.

Kama Wi-Fi ikafanya kazi hapo, kadi ni nzima. Mjadala umefungwa, rudi hatua ya 6, na ikibidi weka Windows upya. Isipofanya kazi, fungua terminali:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye "Network controller". Mfano wa mashine yenye 8265 utasomeka "Intel Corporation Wireless 8265 / 8275 [8086:24fd]", na chini yake "Kernel driver in use: iwlwifi". Kuonekana kwa mstari huo kunamaanisha kadi imejibu ilipoitwa kwa jina. Usipoonekana, kadi haijibu kwenye njia ya PCIe. Tumia lspci hapa, usitegemee alama ya juu ya skrini.

Halafu:

rfkill list

"Soft blocked: yes" inafunguliwa kwa rfkill unblock all. "Hard blocked: yes" ni swichi, kitufe au BIOS, rudi hatua ya 3, hukuifanya vizuri.

Na ya mwisho:

sudo dmesg | grep -i -E "iwlwifi|rtw|ath|mt79|brcm"

Hapa nasoma namba za makosa. Ukiona faili la firmware (programu ndogo ya kadi yenyewe) limeshindwa kupakiwa kwa kosa -2, faili halipo tu. Hilo si kosa la kadi. Ukiona -110, kadi iliulizwa jambo na muda ukaisha bila jibu. Mistari ya -110 ikijirudia hata baada ya kukamua umeme, na mfumo mwingine nao unalia, shahidi wa kwanza ameshaanza kutoa ushahidi.

Angalizo: kadi nyingi za Broadcom, na baadhi ya Realtek mpya, hazishiki kwenye Ubuntu ya flashi kwa sababu draiva yake haimo. Kwa hizo, kigezo ni lspci: inaonekana au haionekani. Usiihukumu kwa kutokushika mtandao.

Hatua ya 8: Fungua

Zima kwelikweli, chomoa chaja, fungua skrubu za chini. Zipange juu ya karatasi kwa mpangilio ule zilivyokaa kwenye mashine, kwani nyingine ni fupi na ukiweka ndefu pasipo pake utatoboa mahali. Tenganisha mfuniko kwa kile kipande cha plastiki, usitumie kisu. Jambo la kwanza ukiwa ndani ni kuchomoa betri. Gusa chuma ili umeme tuli wa mwilini ukutoke.

Kadi utaijua kwa nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida moja nyeusi na moja nyeupe au kijivu, zilizobanwa juu yake. Kwenye mashine mpya ni M.2 ya ukubwa 2230, yaani milimita 22 kwa 30. Kwenye za zamani ni mini PCIe nusu. Piga picha kabla ya kugusa chochote, uone waya gani uko wapi.

Fungua skrubu moja, kadi itanyanyuka yenyewe. Itoe. Safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili. Raba ya penseli inafaa pia ukiipitisha kwa upole. Puliza sloti. Irudishe kwa kuiingiza kwa pembe mpaka meno yaishie ndani, ndipo uilaze na kufunga skrubu. Mashine iliyoanguka au iliyosafiri kwenye bodaboda mwaka mzima inaweza kuwa na kadi iliyonyanyuka nusu milimita tu, na nusu milimita inatosha.

Sasa nyaya za antena, na hapa ndipo palipokuwa na siri ya mwalimu wangu.

Antena za laptopu kwa kawaida hazipo karibu na kadi. Ziko kwenye kioo, kuzunguka skrini, na nyaya zake hupita ndani ya bawaba. Kila ukifungua na kufunga laptopu, waya unapinda. Miaka ikipita, waya wa ndani unakatika huku ganda la nje likibaki zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Mashine ya mwalimu ilikuwa na bawaba iliyovunjika na kugundishwa kwa gundi kali. Kadi yoyote utakayoiweka itaonekana kwenye Device Manager bila kasoro, itaona mtandao ukikaa chumba kimoja na ruta, ukitoka nje ya mlango inapotea. Mafundi wawili waliomtangulia walisikia "Wi-Fi dhaifu" wakauza kadi.

Kupima kwake: keti mita mbili kutoka kwa ruta, andika netsh wlan show interfaces, soma Signal. Windows inahesabu asilimia 100 kuwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) -50 au zaidi na asilimia 0 kuwa -100, kwa hiyo asilimia 50 ni kama -75, ambayo kwa mita mbili ni aibu. Umbali huo, mashine nzima inatakiwa kuwa juu ya 80. Halafu fungua kioo taratibu mpaka mwisho na kukirudisha huku ukirudia amri. Namba ikiruka kutoka 85 mpaka 40 kwa pembe fulani ya kioo, umemkamata.

Mita ya fundi haisaidii kama watu wanavyodhani. Antena nyingi za aina hii zimetengenezwa zikiwa zimeungana na ganda la nje, kwa hiyo ukipima katikati na pembeni mita italia hata kama waya ni mzima. Ukiweza kufika ncha zote mbili za waya, pima ncha kwa ncha. Usipoweza, amini asilimia.

Na vichwa vya nyaya hizo kwenye M.2 ni vidogo mno. Vishike kwa ukucha au kibanio cha plastiki, vinyanyue wima. Kurudisha, viweke sawasawa juu ya pini ndipo ubonyeze mpaka usikie mlio mdogo. Ukilazimisha kikiwa pembeni utakipinda, na hapo utakuwa umejiletea ugonjwa mpya. Waya wa antena kuu unakwenda palipoandikwa 1 au MAIN, mwingine 2 au AUX.

Hatua ya 9: Shahidi wa pili

Chukua kadi inayotuhumiwa, iweke kwenye laptopu nyingine yenye sloti ya aina ileile. Chukua kadi nzima, iweke kwenye laptopu mgonjwa. Fanya pande zote mbili. Upande mmoja haukuambii lote.

Kadi mgonjwa ikifanya kazi kwingine na kadi nzima ikagoma kwenye laptopu yako, sloti au mazabodi ndiyo mbovu, na kununua kadi ni kutupa hela. Kadi mgonjwa ikigoma kote na nzima ikishika kote, sasa kazike. Zikishika zote mbili kila mahali baada ya kubadilishana, ilikuwa ni mguso mbaya, na wewe ulishaitibu bila kujua ulipoisafisha.

Tahadhari mbili kabla ya kusema "imegoma." Laptopu kadhaa za zamani za HP na Lenovo zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazokubalika. Ukiweka nyingine, mashine inasimama na kuandika namba 104 (HP) au 1802 (ThinkPad) ikikutaka uitoe. Kadi si mbovu, imekataliwa mlangoni. Ya pili ni kadi za Intel za aina ya CNVi, kama 9560, AX201 na AX211. Hizi ni nusu ya kadi; nusu nyingine imo ndani ya chipu za Intel kwenye mashine. Zinaingia kwenye sloti ya kawaida bila tabu, zinabanwa skrubu vizuri, na hazionekani popote. Ukiipima AX201 kwenye laptopu ya AMD utaitangaza maiti ilhali iko hai.

Ukinunua

Kama mashine ilikuja na CNVi, nunua CNVi inayoendana na mashine hiyo. Kama ilikuja na kadi ya kawaida ya M.2, AX200 au AX210 ni chaguo zuri, ila AX210 kwenye Windows inataka toleo la biti 64 la Windows 10 au 11. Kwa mini PCIe ya zamani, tafuta kadi yenye namba ya sehemu ileile iliyo kwenye kibandiko cha kadi ya awali, uepukane na ile orodha ya BIOS.

Sloti ikiwa ndiyo iliyokufa, usihangaike na mazabodi kwa ajili ya Wi-Fi. Nunua kidude cha USB. Vingine vikichomekwa mara ya kwanza hujitokeza kama CD. Draiva imo humo humo, iweke, kisha "CD" inajigeuza kuwa kadi.

Mwalimu nilimpitishia nyaya mpya za antena pamoja na bawaba nyingine iliyotoka kwenye kioo cha mashine iliyokufa. Signal kwa mita mbili ikawa 94. Kadi ya awali niliirudisha mahali pake. Moja kati ya zile mbili niliinunua mimi kwa ajili ya droo yangu ya majaribio, na nyingine aliondoka nayo ndani ya bahasha yake ya kaki, akaniambia anajua pa kuipeleka.